Kosa la mkono lilikuwa kisiginoni

Kwa jiwe, mimi ni mtu hatari. Nimekulia Pangani, pwani ya Tanga, na uani kwetu kulikuwa na mwembe wa jirani ambao kivuli ulitupa sisi na maembe ukampa yeye. Embe la juu kabisa, lile ambalo popo wanalisubiri giza liingie, nililishusha kwa jiwe la pili, na siku nyingine kwa la kwanza. Kwa hiyo mwanangu alipochaguliwa kuwa mrushaji wa timu yake ya besiboli hapa Erie, Pennsylvania, nilijiambia shughuli imepata mwenyewe.

Somo langu lilikuwa fupi: kaza macho, lenga, tupa. Msimu wake wa kwanza wote nilisimama nyuma ya ule uzio wa waya nikipaza sauti kwa Kiswahili, "Lenga, baba! Tazama glavu! Lenga!" Mpira unakwenda zake kumpiga mtoto wa watu mbavuni.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu: mrushaji anasimama juu ya kilima kidogo cha udongo, mimi nakiita kichuguu, na mguu wake mmoja unagusa kibao cha raba kilichozikwa pale juu. Mbele yake, mita 14 kwa watoto wa miaka 11, kuna bamba jeupe ardhini lenye upana wa sentimita 43. Kando ya bamba anasimama mpigaji na gongo lake, na nyuma yake mdakaji mwenye glavu. Mpira sharti upite juu ya bamba hilo, usiwe chini ya goti la mpigaji wala juu ya kwapa lake. Ukipita hapo bila kupigwa, ni straiki, na straiki tatu zinamtoa mpigaji. Ukikosa mara nne, mpigaji anapewa bure kituo cha kwanza kati ya vinne vya kuzunguka ili timu ipate pointi, anakwenda anatembea kama mtu aendaye sokoni.

Jumamosi moja ya Mei mwanangu aliwapa vituo vya bure watoto watano mfululizo, na wa sita akampiga nyongani. Kocha alipanda kichuguuni, akamshika bega, akamtoa. Ndani ya gari hakulia, ingawa mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Alitazama dirishani mpaka tulipokaribia nyumbani, ndipo akasema, "Baba, mimi naangalia. Mpira ndio hauangalii."

Neno hilo lilinikaa. Usiku ule nikiwa zamu ya kazi nililigeuza kichwani mpaka asubuhi. Mtoto alikuwa anaona vizuri kabisa anapotaka mpira uende. Kumwambia alenge ilikuwa sawa na kumwambia mtu aliyepotea njia kwamba nyumbani ni mbali.

Jumatano iliyofuata kocha aliniita nitoke nyuma ya uzio. Ni mzee mstaafu, mtu wa maneno machache, aliyewahi kurusha chuoni zamani. Nilidhani ananiita kunisema kwa zile kelele (alinisema kidogo, kwa adabu). Kisha akachukua reki, akausawazisha udongo wa kichuguu mpaka ukawa laini kama wa kaburi jipya, akamwambia mtoto arushe mipira kumi. Mimi macho yangu yakaufuata mpira, mazoea. Yeye hakuutazama hata mmoja. Mipira ilipokwisha alituita wote wawili tuiname tutazame chini.

Udongo ulikuwa kama mahali kuku wamechakura. Mrushaji mwenye mwili uliotulia, mguu wake wa mbele unatua palepale kila mara, unachimba shimo moja. Wa kwangu alikuwa na alama kumi mahali kumi. Kocha akachora mstari kwa kidole, kutoka kibaoni moja kwa moja hadi kwenye bamba. Alama nane kati ya kumi zilikuwa upande wa kulia wa mstari. Na kila alama ilikuwa na kitu kingine ambacho nisingekiona mwenyewe hata ningetazama mwaka mzima: kisigino kimezama, vidole havionekani.

Hapo ndipo yalipokuwa maradhi yenyewe, mawili kwa pamoja. Mtoto anarusha kwa mkono wa kulia. Mguu wake wa kushoto ukitua kulia kwa mstari, nyonga zinajifunga, haziwezi kugeuka zikatazama mbele. Mkono unabaki kulitafuta bamba kwa kuuzunguka mwili wake mwenyewe. Usipofanikiwa kuzunguka, mpira unabaki kulia, ndio zile mbavu. Akijilazimisha kuuvuta, unakwenda kushoto chini, kwenye vumbi. Ndiyo maana alikuwa anakosea pande zote mbili, jambo lililonifanya nimwone mzembe. Kuhusu kisigino, mtu akitua kwa kisigino na goti limenyooka, hana breki. Mguu unajizungusha juu ya kisigino, mwili unapepesuka kwenda pembeni kama mlango uliong'oka bawaba moja, na mkono unauachia mpira popote ulipofika. Ukiuachia mapema unapaa. Ukichelewa unachimba.

Nyumbani nilikaa mezani na kikokotoo. Ukiondoa ile hatua anayopiga mbele, mpira unasafiri kama mita 12 na nusu tangu autoe mkononi. Kosa la digrii moja la uelekeo, digrii moja tu, linauhamisha karibu sentimita 22 ukifika. Kutoka katikati ya bamba hadi ukingoni ni sentimita 21 na nusu. Kwa maneno mengine, digrii ya kwanza imekupeleka mpakani na ya pili imekutoa nje ya nchi. Mtu anayepepesuka kisigino hakosei kwa digrii moja.

Kocha alimfariji mtoto kwa kisa cha Randy Johnson, mrushaji wa zamani wa ligi kuu ya Marekani, na nimekipenda kisa hiki kuliko vingine vyote vya besiboli. Johnson alikuwa na urefu wa zaidi ya mita mbili, sentimita 208, anarusha kwa kushoto, mpira wake unatisha. Lakini haukuwa na adabu. Mwaka 1991, akiwa na timu ya Seattle Mariners, aliwapa wapigaji vituo 152 vya bure, na mwaka uliofuata 144, na miaka yote hiyo aliongoza ligi yake kwa aibu hiyo. Mwaka 1992 Nolan Ryan, mrushaji mkongwe wa Texas Rangers, na Tom House, kocha wa warushaji wa Rangers, wakamtazama. Ni wapinzani, hawakuwa na deni naye. Wakamwonyesha kwamba anapomaliza kurusha anatua kwa kisigino cha mguu wa mbele, na kisigino kinamtoa nje ya mstari. Wakamwambia atue kwa sehemu ya mbele ya unyayo. Septemba ileile aliwarushia haohao Rangers, Ryan akiwa mrushaji wa upande wa pili, akawatoa wapigaji 18 kwa straiki. Mwaka 1993 vituo vya bure vilishuka hadi 99 na waliotoka kwa straiki wakafika 308. Ni unyayo. Mwanangu alisikiliza kisa chote mdomo wazi, kisha akauliza swali moja: "Kwa nini walimwambia?" Kocha akacheka, akasema hata yeye amekuwa akijiuliza.

Sasa aibu yangu. Wiki ileile nilimwomba mama yake anirekodi kwa simu, video ya mwendo wa taratibu, nikirusha mawe kwenye mti nyuma ya nyumba. Nilitaka kujua mimi natuaje. Mguu wangu wa mbele ulitua kwenye mstari wa shina kama umepimwa kwa kamba, vidole kwanza, goti limekunjwa kidogo, kichwa hakijayumba. Miaka yote ya maembe miguu yangu ilikuwa inajua kazi, na mdomo wangu haukuwahi kuambiwa. Nilikuwa nafundisha kitu nisichokifanya. Pengine kukanyaga mchanga pekupeku kulinifunza. Mtu pekupeku hashuki kwa kisigino kwa nguvu mara mbili, kokoto moja inatosha. Mwanangu anashuka na viatu vya meno.

Jambo la kiuno nilimfundisha mwenyewe, na hapo najisifu kidogo. Kocha alikuwa anasema nyonga zitangulie, mabega yafuate, mkono uje mwisho, na mtoto anaitikia kwa kichwa bila kuelewa. Mimi nilimkumbuka mjomba. Mjomba alikuwa mvuvi wa kimia kwenye mdomo wa mto Pangani. Kimia ni wavu wa kutupa, wa duara, una vipande vya madini ya risasi pembeni zote. Ukitupwa sawasawa unafunguka hewani kama mwavuli na kuanguka mduara kamili, ukitupwa vibaya unaanguka chubwi kama shuka lililoloa. Mjomba alisimama ndani ya mtumbwi unaoyumba, miguu imeachana, magoti yamelegea, akajipinda mpaka unamwona mgongo. Halafu kiuno kilianza kurudi huku mabega bado yako nyuma, kana kwamba yamesahauliwa. Mabega yakaja, mikono ikaja, wavu ukaondoka. Na akisimama vibaya kwenye mtumbwi ule, asingekosa samaki tu, angewafuata. Sisi watoto tulipojaribu tulitupa kwa mikono, wavu ukatuangukia miguuni, naye akatupigia kelele: "Mkono hauna kilo! Tupa na matako!"

Nikampa mtoto shuka. Kweli, shuka la kitanda, nikamwambia alitupe kwenye nyasi lifunguke. Alihangaika nalo siku mbili, majirani wakitutazama. Siku ya tatu lilifunguka. Tangu hapo yeye na kocha wanaelewana kuhusu nyonga, na yale maneno ya mjomba ameyashika kwa ufasaha kuliko Kiswahili chochote nilichowahi kumfundisha. Mama yake hakufurahi alipoyasikia mbele ya wageni.

Erie theluji haina mchezo; inatoka ziwani, inaanguka siku tatu bila kupumua. Kwa hiyo kazi yenyewe tuliifanya kuanzia Novemba kule chini ya nyumba, besimenti, kati ya mashine ya kufulia na masanduku ya nguo za kiangazi. Nilibandika selotepu pana sakafuni, mstari mmoja mrefu. Hakuna mpira. Taulo tu mkononi: anainua goti, anapiga hatua, anashusha mkono na taulo, kisha anaganda tutazame mguu uko wapi. Mara 20, basi, akafanye kazi za shule. Kwa soksi, ili akitua kwa kisigino ateleze na ajue mwenyewe bila mimi kufungua mdomo. (Sakafu yetu ni ya zulia jembamba. Kwenye vigae usijaribu, utampeleka mtoto hospitali.)

Ilituchukua mpaka Desemba kuona kwamba mguu kutua kulia halikuwa kosa la kwanza. Video ilionyesha kosa linaanzia juu zaidi. Alipokuwa anainua goti hakuliinua, aliuzungusha mguu mzima, kama mtu anayeruka mtaro kwa ubavu. Ili asianguke, kifua kikaegemea nyuma. Mguu uliozungushwa unarudi na mwendo wake wa kuzunguka, unapitiliza mstari. Nikimwambia "tua kwenye selotepu" alikuwa anaulazimisha mguu dakika ya mwisho, na hapo ndipo kisigino kilipokuwa kinakita. Dawa ikawa goti lipande na kushuka moja kwa moja, na lipande chini kidogo kuliko alivyozoea, usawa wa kiuno basi. Alilalamika kwamba hafanani tena na wale wa kwenye televisheni. Ni kweli, hafanani.

Kuhusu mizani ya mwili nina ugomvi mdogo na kocha, na nauandika hapa kwa kuwa hasomi Kiswahili. Yeye ni wa shule ya zamani: inua goti, simama kwa mguu mmoja kama korongo, hesabu tatu, ndipo uende. Kijana mmoja anayefundisha kwenye ukumbi wa mazoezi ya ndani anasema huo ni upotevu, mrushaji hasimami katikati ya kurusha. Nimewajaribu wote kwa mwanangu. Kusimama kwa mguu mmoja kunakomaza kifundo na nyonga, hilo halina ubishi. Anafanya kila asubuhi akipiga mswaki, dakika moja kila mguu, na mwanzoni alikuwa anashika sinki. Lakini akiupeleka ule msimamo wa korongo kichuguuni, mwili unazimika, kisha inabidi auwashe upya kwa kujirusha. Mizani ya mrushaji ni ya baiskeli. Anayeisimamisha ili ajue kama imekaa sawa, anaanguka nayo. Kwa hiyo tulikubaliana, mimi na mtoto, kwamba nyonga zianze kusogea mbele goti likiwa bado linapanda, na kichwa kibaki juu ya kitovu. Kocha anaona, ananyamaza. Nadhani anajua.

Mkono wa glavu, yaani ule usiorusha, nao ulituchosha wiki kadhaa. Watoto wengi huutupa nyuma ili wapate nguvu, unavuta bega, bega linavuta kichwa, na macho niliyoyapigia kelele msimu mzima yanaishia kutazama kituo cha kwanza. Sasa anailaza glavu mbele ya kifua na kifua ndicho kinachoifuata. Sina zaidi ya kusema hapo, ni kurudiarudia tu.

Aprili tulitoka nje, na mara tukarudi nyuma hatua mbili. Besimenti ni tambarare. Kichuguu kina mteremko. Cha watoto kina kimo cha sentimita 15, cha wakubwa ni sentimita 25 tangu 1969 kiliposhushwa kutoka 38. Kwenye mteremko ardhi inachelewa kuufikia mguu, na yule aliyezoea sakafu anadhani ameshatua kumbe bado yuko hewani. Anaanza kugeuka kabla ya wakati, mpira unapaa. Mechi mbili za kwanza zilikuwa hivyo, na nikakaa kimya kwenye kiti changu cha kukunja nikitafuna kucha, kwa sababu niliahidi. Ya tatu akazoea.

Jirani yetu mmoja Mkongo, tunaongea naye Kiswahili chake na changu tunakutana katikati, huniuliza kwa nini nimempeleka mtoto kwenye mchezo usiokuwa wetu. Mimi humjibu kwamba mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuja hukuhuku Pennsylvania, Williamsport, timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, ligi ya besiboli ya watoto, na wakaifunga timu ya Oregon. Naye hujibu kwamba Lugazi si Pangani. Kweli, lakini akija kwenye mechi hupiga kelele kuliko mimi.

Jumamosi iliyopita mtoto alirusha mipira 63. Sheria za Little League zinampa mtoto wa umri wake 85 kwa siku, na ukivuka 65 unapumzika siku nne. Kocha hakusubiri sheria. Nilimwona akitazama chini, si mkononi, na mguu ulipoanza kutua nje ya shimo lake alipanda akamtoa. Mtoto alikuwa ametoa vituo vya bure viwili tu. Akapewa mkono, akaenda kukaa, akala mbegu za alizeti kama wenzake, akatema maganda kwa fujo.

Watu walipotawanyika nilipanda kichuguuni. Kilitumiwa na warushaji wanne siku hiyo, wa kwetu wawili na wa wageni wawili, udongo umevurugika kila upande. Nilipiga magoti nikatafuta. Juu ya mstari kabisa kulikuwa na shimo moja refu kama mbegu ya embe, vidole vimezama, kisigino kimegusa tu. Nikaweka simu kando yake ili ukubwa uonekane — la, simu ndiyo ya kupigia picha, nikaweka funguo za gari. Mtunza uwanja alikuwa amesimama nyuma yangu na reki yake. Aliniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwomba dakika moja.